Kijiji Kilichotolewa Badala ya Mshahara

Mshahara ukichelewa mwezi mmoja tu, mwenye nyumba huanza kubisha mlangoni. Basi wafikirie askari wa Mfalme Jan III Sobieski wa Polandi, ambao malimbikizo ya mshahara wao yalizidi kurundikana na hazina ya mfalme ilikuwa tupu. Mwaka wa 1679 aliamua kuwalipa kwa ardhi.

Sehemu mojawapo ya ardhi hiyo ni kijiji cha Kruszyniany, tamka Krushiniani. Kiko mashariki kabisa mwa Polandi, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Belarus. Ukitoka mji wa Białystok kwa gari, unapita katikati ya msitu wa misonobari, kisha mashamba, kisha nyumba za mbao zilizojipanga kando ya barabara.

Askari wenyewe walikuwa Watatari, Waislamu ambao mababu zao walihamia Lithuania tangu karne ya 14, watu hodari wa kupigana juu ya farasi. Mwaka wa 1672, kwa hasira ya mishahara na haki zao, baadhi yao waliasi wakajiunga na Waturuki. Sobieski, aliyechaguliwa kuwa mfalme mwaka wa 1674, aliona afadhali kuwasamehe na kuwapa makao. Hakuwa mjinga: mwenye shamba lake haasi upesi.

Miaka minne baada ya kupewa ardhi, Watatari walikwenda na mfalme huyo hadi Vienna kupigana na Waturuki, Waislamu wenzao. Waturuki nao walikuwa na Watatari upande wao. Husimuliwa kwamba wale wa mfalme walichomeka mabua makavu kofiani wasije wakauawa na marafiki.

Ukifika Kruszyniany leo, utaona jengo la mbao lililopakwa rangi ya kijani, lina minara miwili mbele. Utadhani ni kanisa. Tazama juu, uone mwezi mwandamo! Ni msikiti, na inaaminika kuwa maseremala wake walijenga kwa mtindo walioujua, yaani wa makanisa ya huko. Ndani, wanawake wana chumba chao na mlango wao.

Watatari hawa walipoteza lugha yao zamani mno; wanazungumza Kipolandi kama jirani zao Wakatoliki na Waorthodoksi. Dini hawakuiacha. Wala mapishi: wana mkate wa nyama uitwao pierekaczewnik, wa tabaka sita za unga uliosukumwa ukawa mwembamba kama karatasi, kisha ukaviringwa kama konokono. Anayeupika anahitaji subira na meza ndefu.

Lakini ardhi ile haikuwazuia vijana. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 mpaka mpya uliwatenga na ndugu wengi waliobaki upande wa Umoja wa Kisovieti, na wengine wakafuata kazi mijini, Białystok na hata Gdańsk. Sasa kijijini zimebaki familia chache tu za Kitatari, na msikiti hujaa zaidi siku za Idi, wageni wanapokuja.

Nyuma ya msikiti, chini ya miti, kuna makaburi. Jiwe la zamani zaidi ni la 1699. Mengine yana maandishi ya Kiarabu, Kirusi na Kipolandi. Mapya yapo pia, kwa sababu baadhi ya wale waliohamia mjini bado huletwa kuzikwa hapa.