Haki Isiyofika Jikoni

Likizo iliyopita niliosha vyombo katika hoteli moja ya chakula hapa Wandegeya. Jikoni tulikuwa saba. Siku moja dada watatu walimwendea mwenye hoteli kwa pamoja, wakaomba nauli ya kurudi nyumbani usiku. Kesho yake hawakuwapo. Sisi wanne tuliobaki tuliinamia sufuria zetu, kimya.

Darasani nimefundishwa kwamba dada wale walikuwa na haki. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma kwa kufuata sheria. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2006 inamkataza mwajiri kuingilia haki hiyo. Mbona basi haikufika jikoni? Kwa sababu ni haki ya wengi, na sisi tulikuwa saba. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala serikali haijatusemea. Kima cha chini cha mshahara ni kile cha mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi, bei ya rolex mbili au tatu. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019. Rais akakataa kuutia saini.

Ninachodai ni sheria itakayowaruhusu wafanyakazi wa hoteli zote za eneo moja kujadiliana kwa pamoja na wenye hoteli wote, na mapatano yao yamfunge kila mwajiri. Anayemfukuza mtu wakati wa majadiliano, yeye ndiye athibitishe sababu.

Wapo watakaosema hoteli ndogo zitafungwa. Sikubali. Leo mwajiri mwema ndiye anayeumia, kwa kuwa jirani yake anauza chakula kwa bei ya chini akiwapunja watu wake. Mapatano yakiwafunga wote, hakuna wa kumzidi mwenzake kwa dhuluma.

Wahadhiri wa Makerere walipogoma mwaka 2016 wakidai malimbikizo ya posho, Rais mwenyewe alikifunga chuo. Nchi nzima ilisikia. Siku walipoondolewa dada wale watatu, matoke yaliiva saa saba kama kawaida, nasi wanafunzi tukala.