Anwani za serikali zinawarahisishia matapeli kazi

Kila mara watu wanapotapeliwa kwa baruapepe, tunapewa ushauri uleule: soma anwani vizuri kabla ya kubofya. Ni ushauri mzuri, lakini serikali yenyewe imeufanya usifuatike. Nchini Kenya, anwani inayoishia na .go.ke hupewa taasisi za serikali pekee, ilhali ya .co.ke au .net yeyote anaweza kuinunua kwa pesa kidogo. Mwalimu wa Nyamira anayepokea baruapepe ya TSC, tume ya walimu, ana pa kuanzia: isipotoka tsc.go.ke, aifute. Mlipa kodi naye ana kra.go.ke, ya mamlaka ya ushuru. Lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne anatumwa achague kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, inayoishia na .net, kisha aombe ufadhili wa elimu ya juu (HEF) kwenye hef.co.ke na afuatilie mkopo kwenye helb.co.ke, ya bodi ya mikopo (HELB). Kesho akiandikiwa na anwani yenye neno helb, kistari, neno loans, halafu .co.ke, ataijuaje kuwa ya uongo? Imefanana na ya kweli kabisa.

Huku Kisii na Nyamira hatari inazidi, kwa sababu vijana wengi hujaza fomu hizo kwenye saiba za mjini Kisii, Keroka au Nyamira, foleni ikiwasukuma mgongoni. Mara nyingi mhudumu ndiye anayewafungulia baruapepe na kuwachagulia neno la siri. Fomu ya ufadhili inataka hata namba za vitambulisho vya wazazi. Zikimwangukia tapeli, anaweza kumpigia mama simu akamtajia jina la mtoto na chuo, na mama akamwamini.

Wapo watakaosema tamaa ndiyo inayowaponza watu. Labda kwa anayeahidiwa zawadi ya bahati nasibu ambayo hakucheza. Kijana anayesubiri mkopo aliouomba kihalali hana tamaa yoyote. Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli, sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 inaliadhibu kosa la kutumia tovuti au ujumbe wa uongo ili kuiba taarifa za mtu kwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini mara nyingi sheria hiyo humfuata mwizi pesa zikishatoka, tena akipatikana. Na kuhusu gharama ya kuzihamishia tovuti hizo .go.ke, mwaka 2023 serikali iliagiza malipo ya huduma zake yapitie namba moja, 222222. Kama iliweza kuyakusanya malipo ili kulinda mapato yake, haishindwi kukusanya anwani ili kuwalinda watoto wetu.

Wizara ya Elimu itangaze tarehe ambayo KUCCPS, HEF na HELB zitahamia .go.ke, kabla ya awamu ijayo ya kuchagua kozi. Anwani hizo zibandikwe Huduma Centre na katika kila shule ya upili, na ofisi ya chifu ielekezwe namna ya kupokea malalamiko ya waliotapeliwa, maana Nairobi ni mbali.

Msomaji,
Keroka