Mchanga wa Ufukweni Upewe Wenyewe

Ukuta wa zege ukijengwa ufukweni huwa na mkandarasi, fungu lake katika bajeti, jiwe la msingi na siku ya kuzinduliwa. Kilima cha mchanga kilichokuwapo kabla yake hakikuwa na kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana kilichotwa kwa malori na kusawazishwa kwa ajili ya majengo, na hakuna ofisi iliyokosa usingizi. Tunawaambia viongozi wa miji ya pwani, na ndugu zetu wa visiwani, kwamba jambo hili limepita kiasi.

Huenda msomaji akauliza: mtu wa Kihesa, juu ya vilima vya Iringa, ana haki gani ya kuusemea ufukwe? Haki anayo. Mchanga mwingi wa pwani ya bara ni udongo wa kwetu uliosafiri. Maji ya Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na mdomo wa Rufiji unaikabili Mafia. Zamani mto ulikwenda na mchanga wake bila kuzuiwa. Sasa njiani kuna Mtera, kuna Kidatu, na kuna Bwawa la Julius Nyerere lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, wala hatumlaumu aliyejenga. Lakini maji hufunguliwa yakapita, na sehemu kubwa ya mchanga hubaki bwawani. Visiwani hali ni ngumu zaidi, maana mchanga mwingi wa huko ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na hauna mto wa kuuleta.

Kazi ya kilima cha mchanga wavuvi wanaijua bila kufundishwa. Wakati wa bamvua, upepo ukiwa mkali, wimbi hula sehemu ya kilima na kuulaza mchanga majini karibu na ufukwe, na hapo huvunja nguvu ya mawimbi yanayofuata. Bahari ikitulia huurudisha kidogo kidogo, upepo huupandisha, na mlakasa utambaao huushika. Hiyo ni akiba. Lori likiichota, bahari itakapokuja kudai haitakuta mchanga; itachukua nyumba.

Ya Kunduchi, Dar es Salaam, yanajulikana. Kwa miaka mingi mchanga ulichimbwa katika vijito vinavyoulisha ufukwe ule, ukiwamo Mto Tegeta, ili mji ujengwe. Bahari nayo ikaila ardhi, na Hoteli ya Africana iliyokuwa na jina kubwa ikaishia kuwa gofu. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga. Miaka michache baadaye kisiwa kilikuwa kimekwisha. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Kutangazwa hakukukiokoa.

Watu wa Lamu wanayo hoja nyingine ambayo wenzao wa Unguja na Pemba wangefaa kuipima. Vilima vya mchanga vya Shela hunywa maji ya mvua na kuyahifadhi chini, na visima vya mji hutegemea maji hayo. Serikali ya Kenya ilivitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2002. Hata hivyo wakazi wamelazimika kupaza sauti dhidi ya wanaotaka kujenga juu yake, kwa sababu wao ndio watakaokunywa maji ya chumvi.

Hatusemi kuta zibomolewe. Ukuta wa Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, ulihitajika, na pale bahari inapoingia mashambani, kama ilivyokuwa Kisiwa Panza, mkulima hawezi kungoja mlakasa uote. Lakini wimbi likigonga ukuta huchimba mwishoni mwake, na jirani asiye na ukuta ndiye hulipa.

Tatizo letu ni namna tunavyowashirikisha wananchi. Siku ya kupanda miti hufika magari, fulana hugawiwa, miche ya mivinje hupandwa, picha hupigwa. Wiki ya pili mbuzi wamo. (Na mvinje wenyewe si dawa ya kila ufukwe: chini ya kivuli chake mlakasa hudhoofu, na wimbi likichimba mizizi, mti huanguka.) Kazi imegeuzwa fardhi kifaya: wachache wameifanya kwa saa mbili, wengine wote wamesamehewa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi wafikiri, wapange na kutekeleza. Sisi tumewaachia kutekeleza tu, tena kwa siku moja.

Vyombo vya kuanzia vipo. Bara kuna vikundi vya wavuvi vinavyolinda rasilimali za bahari. Zanzibar kuna kamati za uvuvi za shehia. Vilinde na mchanga. Halmashauri zitunge sheria ndogo zitakazovipa uwezo wa kufunga kipande cha ufukwe mpaka majani yashike, kuchagua njia chache za kupita watu na ng'ombe, na kupata sehemu ya faini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini huku bara. Mita hizo azipime nani, kama mjumbe wa mtaa akimwona mwenye ukuta mrefu na gari kubwa anageuka nyuma?

Kijana mwenye koleo tusimfanye adui. Anachimba kwa sababu yuko anayenunua, naye angefanya kazi ya kuzungushia vilima uzio wa makuti kwa ujira ule ule. Mnunuzi ndiye wa kutafutwa, na mnunuzi mmoja mkubwa tunamfahamu sote: ni miradi yetu ya umma. Tunazitaka halmashauri zote za pwani, na wizara zinazohusika za pande zote mbili za Muungano, zisimlipe mkandarasi wa shule, zahanati au barabara mpaka aonyeshe kwa maandishi, na kamati ya eneo ithibitishe, shimo gani limetoa mchanga wake.