Kijana Msafiri Si Mzururaji

Imejengeka miongoni mwetu, hasa sisi tulio watumishi wa umma na walimu, kasumba ya kumtazama kila kijana anayesafiri peke yake kama mtu aliyepotea. Kijana wa miaka 19 akisema kwamba anataka kupanda treni kwenda Kigoma, si kwa msiba, si kwa harusi, wala si kwa kutafuta kazi, bali kwa sababu anataka kuiona nchi yake kwa macho yake mwenyewe, swali la kwanza analotupiwa ni hili: “Unakwenda kwa nani?” Akijibu kwamba haendi kwa mtu, shauri lake limekwisha. Huyo ni mhuni, au ameharibiwa na simu ya mkononi, au ana jambo analolificha. Baba hukasirika, mama hulia, na mwalimu aliyemfundisha ramani ya Tanzania kwa miaka minne hutikisa kichwa na kuuliza ni nini kimempata mtoto yule ambaye zamani alikuwa na akili.

Napenda kusema wazi kwamba fikra hizi ni mbovu, na kwamba zinalidhuru Taifa.

Mtu asiyeamini na aende Moshi akasimame kituo cha mabasi. Atamwona kijana wa Kijerumani au wa Kimarekani, umri ule ule wa miaka 19, akishuka na shanta lake mgongoni, nywele timtim, hajui kesho atalala wapi. Huyo tunamwita mtalii. Tunamkaribisha, tunamwonyesha njia, tunamsifu kwa ujasiri wake. Pembeni yake asimame kijana wetu mwenye mfuko kama ule. Huyo tunamwita mzururaji, na mgambo akipita atamwuliza anafanya nini hapo. Kisha wote wawili wataupanda mlima Kilimanjaro, lakini mmoja atapanda ili aone, na wa pili atapanda kwa kuwa amebeba mzigo wa mwenzake kichwani. Simdharau mpagazi, kazi yake ni ya halali, tena ni ngumu kuliko kazi nyingi za maofisini. Ninachouliza ni kwa nini tunaona ni jambo la kawaida kabisa kijana wetu kufika juu ya mlima wake mwenyewe akiwa na mzigo wa mgeni, na tunaona ni wazimu akifika akiwa na mzigo wake. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, aliyesimamisha bendera na Mwenge katika kilele kile alikuwa Luteni Alexander Nyirenda, kijana wetu, na hakuna aliyemwuliza anakwenda kwa nani.

Neno hili “mzururaji” lina historia, na yafaa tuikumbuke. Mkoloni alihitaji Mwafrika akae mahali pawili tu: shambani mwa bwana, au kijijini kwake akisubiri kuitwa. Mwafrika aliyekuwa njiani bila kutumwa na mtu alikuwa hatari kwa utawala, kwa sababu mtu wa namna hiyo huona, hulinganisha, na hurudi nyumbani na maswali. Ndiyo maana serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuwaondoa mijini watu “wasiotakiwa”, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945 ikaweka makosa ya uvivu na uzururaji ambayo askari aliweza kumbandika karibu mtu yeyote asiye na mwajiri. Tulipojitawala tulifuta mengi, lakini jicho lile la mkoloni tukabaki nalo. Mwaka 1983, kwa nia njema ya kuhimiza kazi, tulipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na katika kamatakamata ya wakati ule wapo waliopakiwa kwenye magari kwa sababu tu walionekana barabarani mchana. Hata leo, zipo nyumba za wageni ambazo daftari lake lina safu ya kuandika kabila la msafiri, na sisi sote tumejaza safu hiyo pasipo kujiuliza inamsaidia nani.

Wapo wasomi watakaosema kwamba haya ya vijana kufunga safari kwa ajili ya safari tu ni maigizo ya Kizungu. Hawa nawaomba wasome historia yao. Katika karne ya 19, miongoni mwa Wanyamwezi, safari ya kwenda pwani ilikuwa shule ya kijana. Wageni waliopita huko wakati ule waliandika kwamba kijana hakuhesabiwa kuwa mwanamume wa kuoa kabla hajabeba mzigo mpaka baharini na kurudi. Wala haikuwa safari ya kubahatisha. Waliondoka baada ya mavuno ili warudi kabla ya mvua za kulima. Walikuwa na kirangozi wa kutangulia msafara, walijua visima viko wapi, walijua ni mtawala gani anatoza hongo na kwa kiasi gani, na walibeba nguo na shanga za kununulia chakula njiani. Kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo ilikuwa kazi ya miezi miwili au mitatu. Ni kweli kwamba njia zile zilichafuliwa na biashara ya watumwa na tamaa ya pembe za ndovu, na hakuna haja ya kulificha jambo hilo. Lakini ujuzi wa kupanga safari ndefu na kuikamilisha ulikuwa wetu, na Wazungu wanaosifiwa vitabuni kwa “kugundua” maziwa makuu walifuata njia ambazo vijana wa Tabora walikwisha kuzikanyaga mpaka zikawa ngumu kama sakafu.

Mwaka 1896 mtu mmoja, Salim bin Abakari, alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akaeleza kwa Kiswahili alichokiona huko, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1901. Basi tusidanganyane kwamba kutaka kujua kilichoko nyuma ya mlima ni ugonjwa ulioletwa na ndege.

Nije sasa kwenye jambo linalonikera zaidi. Sisi wenyewe, tunaowakataza vijana leo, tulisafirishwa na Serikali. Kijana wa Newala alichaguliwa kwenda Tabora, wa Bukoba akaenda Songea, wa Kilosa akaenda Musoma. Tulipewa waranti ya treni na ya basi, tukapanda na sanduku la bati, tukalala stesheni za watu tusiowajua, tukala vyakula ambavyo nyumbani tulifundishwa kuvicheka. Baadaye tukapelekwa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, tukalima na kuimba pamoja na wenzetu ambao majina ya makabila yao tulikuwa hatujapata kuyasikia. Wengi wetu tulipata wake na waume kwa njia hiyo. Umoja wa nchi hii tunaojivunia mbele ya majirani haukushuka kama mvua. Ulitengenezwa, pamoja na mambo mengine, kwa vijana kutolewa kwao na kupelekwa mbali wakiwa bado wabichi.

Mashine hiyo imepungua kasi, na si kwa ubaya wa mtu. Mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa. Yaliporudishwa mwaka 2013 yalirudi kwa miezi michache tu, na kwa wahitimu wa kidato cha sita. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulitujengea shule za kata, na mimi si katika wale wanaozibeza. Zimewapa elimu watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Lakini matokeo yake mojawapo ni kwamba leo kijana aweza kusoma chekechea, msingi na sekondari bila kuvuka mto wa kijiji chao. Anamaliza kidato cha nne akiwa hajapata kulala nje ya wilaya yake hata usiku mmoja. Mikoa mingine anaijua kwa utani, kwa majungu ya mtandaoni, na kwa michoro ya ubaoni. Ikiwa Serikali haimsafirishi tena, naye mwenyewe tunamkataza kusafiri, huyo Mtanzania tunayemtegemea atalinda Muungano na umoja tunampika wapi?

Matunda yake tunayaona maofisini. Afisa utumishi yeyote wa wilaya ya pembezoni anazifahamu barua za kuomba uhamisho ambazo huandikwa kabla mwombaji hajafungua hata begi. Mwalimu mpya anapangiwa Kakonko au Nanyumbu, anaripoti, anasaini ili jina liingie kwenye malipo, kisha anaanza kuumwa ugonjwa ambao dawa yake haipatikani isipokuwa mjini. Tunamlaumu kwamba hana uzalendo. Tumepata kumwuliza ni lini katika maisha yake alifika peke yake katika mji asiokuwa na shangazi, akatafuta pa kulala, akanunua chakula, akazungumza na wenyeji mpaka wakamzoea? Mtu ambaye hajafanya jambo hilo kwa hiari yake akiwa na miaka 19 atalifanyaje kwa amri akiwa na miaka 26?

Katika suala hili msichana ndiye anayeonewa kuliko wote. Kaka yake akisafiri ataitwa mhuni na baada ya mwezi litasahauliwa. Yeye akisafiri ataitwa jina ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Nakubali kwamba zipo hatari. Lakini hatari yenyewe ni nini? Si simba, wala si mafuriko. Ni wanaume: mpiga debe anayemshika mkono kwa nguvu stendi, mhudumu wa nyumba ya wageni anayegonga mlango usiku, na wakati mwingine, tuseme ukweli, mtumishi wa umma mwenye cheo anayejitolea kumpa lifti. Badala ya kumdhibiti mhalifu tunamfungia aliyekusudiwa kudhulumiwa, halafu tunajiita walezi. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuzunguka nchi kwa kazi ya TANU mwaka 1955 hakuwa ametimiza hata miaka 30. Laiti angalisubiri kwanza barabara zote ziwe na wanaume wenye adabu, huenda tungalikuwa tunamsubiri hadi leo.

Wengine hutaja ajali. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaua mamia ya watu. Wale hawakuwa watafuta makuu. Walikuwa wafanyabiashara, wanafunzi na akina mama waliokuwa katika safari za kawaida kabisa, ndani ya chombo kilichopakiwa kupita kiasi. Dawa ya vifo vya namna ile ni ukaguzi wa vyombo na kuwawajibisha wahusika.

Sisemi kwamba kila kijana akurupuke. Yupo anayeondoka bila nauli ya kurudi, bila kumwambia mtu, akitegemea kwamba picha zake mtandaoni zitamlisha. Huyo simtetei. Wapo pia waliozamia meli bandarini Dar es Salaam katika miaka ya 1980, wakajificha gizani pamoja na shehena wakielekea Ulaya wasiyoijua. Na nadhani sehemu ya kosa lile ilikuwa yetu, maana tulikwisha kuwafundisha kwamba safari yenye heshima ni ya kwenda kwa Wazungu tu. Safari ninayoitetea ina tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Ina hesabu ya nauli iliyoandikwa kwenye daftari, na majina ya vituo vyote nyumbani wanayo. Mwalimu wa Jiografia au wa Hisabati asiyeona somo katika hesabu hiyo anatafuta somo gani?

Gharama nayo isifanywe kisingizio. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kiasi cha kilomita 50, na baiskeli za kuazima zipo. Kijana wa Songea anayetaka kuliona Ziwa Nyasa hahitaji ndege kufika Mbamba Bay. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma kwa saa chache, imejengwa kwa fedha za wananchi wote, nami sioni kwa nini iwe ya watu wenye mafaili peke yao. Ama kuhusu chakula, wazee wetu walikwisha kutoa hukumu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijana anayepokelewa kijijini na kushika jembe siku ya tatu hamlemei mtu.

Mwanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wake Novemba, na akichaguliwa huanza kidato cha tano Julai. Katikati ana zaidi ya nusu mwaka ambayo sisi tunamtaka aikalie barazani. Mkuu wa shule anaweza kumwandikia barua ya utambulisho kijana mwenye mpango unaoeleweka na ridhaa ya wazazi, ieleze ni nani, anatoka wapi na anapita wapi, ili mtendaji wa kata anakofika asimchukulie kuwa mwizi. Kazi hiyo haitaki bajeti wala waraka kutoka Wizarani. Pa kulala pia papo. Nchi nzima tuna shule za bweni, zenye vitanda, maji, mlinzi na mwalimu wa zamu, na kijana anaweza kuchangia kidogo kwa usiku mmoja, fedha ikaingia katika mfuko wa shule kwa stakabadhi. Desemba nzima mabweni hayo huwa matupu, yamefungwa kwa kufuli, na funguo ziko mezani kwa mkuu wa shule.