Bei Iko kwa KSh, Mbona Unakatwa kwa Dola? Soma Hii Kabla Ubonyeze "Lipa"

Umeona ndula online, duka liko ng'ambo, lakini bei imeandikwa KSh 5,160. Unaona hapa ni kama Moi Avenue tu. Unalipa, esemesi ya benki inaingia, na figa si hiyo. Hakuna mtu amehack kadi yako. Ni vile tu KSh ya kwa skrini na KSh unayokatwa zinaweza kuwa vitu mbili tofauti.

Maduka ya online yamejua kitu moja: mtu akiona pesa ya kwao, anaamua haraka. Hakuna kutafuta kikokotoo, hakuna kuuliza dola iko ngapi leo. Hiyo ni poa. Lakini wasee, shika hii: kuna shilingi za aina tatu huko online, na ni moja tu iko upande wako kabisa.

Ya kwanza ni shilingi ya kuonyesha. Bei halisi ni dola 40. Duka linazidisha na reti ya siku, tuseme 129, linakuwekea KSh 5,160. Ukifika mahali pa kulipa, unakatwa dola. Benki yako inabadilisha kwa reti yake, na mara nyingi inaongeza ada yake. Ile KSh ulikuwa unaona ilikuwa makadirio tu. Na kama ni mzigo wa kuja na ndege, angalia kama duka limesema kodi imelipwa, juu VAT ya asilimia 16 na ushuru wa forodha zinaweza kukungoja huku.

Ya pili ndio mjanja zaidi: shilingi ya kubadilishiwa. Hapa unaulizwa, "Unataka kulipa kwa dola ama kwa KSh?" Mkenya anachagua KSh juu anaielewa. Sasa duka ama kampuni ya malipo ndio inaamua reti, na inajiwekea kitu hapo katikati. Ikiongeza asilimia 5 kwa ile ndula, unalipa KSh 5,418. Soo mbili na finje zimeenda kwa kazi ya kukuandikia KSh. Sheria za Visa na Mastercard zinasema lazima upewe nafasi ya kuchagua. Kwa hivyo ukipata kisanduku tayari kina tiki, usipite nayo hivyo tu. Linganisha na reti ya benki yako kwanza. Mara mob, kulipa kwa dola ndio bei rahisi.

Ya tatu ndio shilingi ya ukweli. Duka halibadilishi bei ya dola, linakuwekea bei yako kabisa. Spotify ilipoingia Kenya Februari 2021, mpango wa mtu mmoja ulikuwa KSh 299 kwa mwezi. Wakati huo Marekani walikuwa wanalipa dola 9.99. Dola ilikuwa karibu KSh 110, so kama wangebadilisha tu, ungelipa karibu KSh 1,100. Waliangalia mfuko wa huku, wakaweka bei ya huku.

Mbona hii maneno ni serious? Kumbuka Januari 2024. Dola ilipita 160. Ile ndula ya dola 40 ilikuwa KSh 6,400. Kufikia katikati ya mwaka huo dola ilikuwa imerudi kama 129, ndula ile ile ikawa KSh 5,160. Tofauti ya KSh 1,240, na kiatu hakijabadilika hata kamba. Shilingi ikianguka, swali ni nani anaumia. Kama unalipa kwa dola, ni wewe. Kama bei ni ya shilingi ya ukweli, duka ndio linameza hiyo hasara.

Ndio maana maduka mengine huchoka. Novemba 2023, Steam, lile duka kubwa la magemu ya kompyuta, liliacha kuuza kwa pesa za Argentina na Uturuki na kuhamisha wateja wa huko kwa dola. Pesa za hizo nchi zilikuwa zinaanguka kila saa, bei haikai. Wachezaji wa huko waliamka wakapata magemu yamepanda bei vibaya. Kwa hivyo usidhani bei ya KSh ni haki ya milele. Inakaa tu penye duka linaona inalipa.

Sasa, kama we ndio unauza, maybe beats, michoro ama shanga, na uko na wateja Kampala na Dar, hii ni yako. Sisi wote tunaita pesa yetu shilingi. Ukiandika "1,000/=" peke yake, msee wa Kampala anaweza kusoma shilingi yake, na hiyo ukiileta huku haifiki hata finje. Andika KES, UGX ama TZS, wazi. Ukiwawekea bei ya kwao, acha nafasi kidogo ya reti kupanda na kushuka, na uiangalie kila mwezi. Na figa mteja anaona mwanzo iwe ndio figa anakatwa mwisho. Akishtuliwa na esemesi mara moja, harudi.

Kwa wewe mnunuzi, maswali ni matatu kabla ya kubonyeza: nakatwa kwa pesa gani, reti ni ya nani, na kodi iko ndani ama nje? Kama ukurasa wa malipo haukujibu, hiyo KSh ni ya kuonyesha tu. Hesabu na dola, ongeza ada ya benki, ndio ujue kama hiyo ndula bado inakubamba.