Mgomo wa Fundi wa Simu Unamhusu Jirani Yake

Kila unapotokea mgomo, iwe ni bandarini, kivukoni, hospitalini au katika kampuni za simu, swali la kwanza tuulizanalo barazani ni moja: "Huduma itarudi lini?" Swali hilo ni la haki, kwani mwenye mgonjwa nyumbani hana budi kutaka simu yake iite. Lakini lipo swali la pili ambalo waliulizao ni wachache, nalo ni hili: huyu fundi aliyeshuka nguzoni na kuziweka chini koleo zake, ameshuka kwa nini? Mimi naamini kwamba mji usiouliza swali hili la pili hujidhulumu wenyewe, na leo napenda kueleza sababu zangu.

Mfano nitakaoutumia ni wa mbali, wa mafundi na wapokea simu wa mashariki ya Marekani. Nimeuchagua kwa kuwa mapambano yao ni ya muda mrefu, na kwa kuwa wenyeji wa miji yao hawakukaa pembeni kutazama. Isitoshe, mambo ya simu siku hizi hayana mbali. Nyaya kubwa zipitazo chini ya bahari zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo sisi na watu wa New York tumefungwa kwa kamba moja.

Hadi mwaka 1984, karibu Marekani nzima ilihudumiwa na shirika moja la simu. Mwaka huo likavunjwa, na katika vipande vyake ikazaliwa kampuni ya NYNEX iliyoshika jimbo la New York na majimbo ya New England. Mwezi wa Agosti 1989 wafanyakazi wake wapatao 60,000 waligoma. Walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi wa mawasiliano kiitwacho CWA, pamoja na chama cha mafundi wa umeme, IBEW. Hawakugomea mshahara hasa. Kampuni ilitaka sehemu ya gharama za bima ya afya itoke mifukoni mwao, nao wakakataa. Msomaji asilione jambo hilo kuwa dogo. Marekani, watu wengi hupata bima ya afya kwa njia ya kazi zao, na maradhi ya mtoto mmoja yanaweza kuimaliza akiba ya nyumba nzima.

Mgomo ule ulichukua wiki 17. Katikati ya Agosti, huko Valhalla katika jimbo la New York, Gerry Horgan, mwakilishi wa wafanyakazi wenzake, aligongwa na gari lililokuwa likiupita mstari wa wagomaji, akafa. Tangu wakati huo wanachama wa CWA wana ada yao: kila Alhamisi huvaa nguo nyekundu kumkumbuka. Sisi tunaosoma khitma na kufanya hauli hatuwezi kuliona jambo hilo kuwa geni. Watu wasiosahau wafu wao si rahisi kuwasahau walio hai.

Naam, lakini wafanyakazi peke yao wasingefika mbali. NYNEX ilikuwa ikiomba ruhusa ya serikali ya jimbo kupandisha bei ya simu, na chama kikasimama pamoja na wateja kulipinga ombi hilo. Hapo mteja akaona kwamba anayemminya yeye ndiye anayemminya fundi, na fundi akaona kwamba mteja si adui yake. Mgomo ulipokwisha, wafanyakazi walirudi kazini na bima yao ikiwa imesalimika.

Palikuwapo pia muungano ulioanzishwa mwaka 1987, jina lake Jobs with Justice, yaani kazi pamoja na haki. Muungano huo uliwaleta pamoja wafanyakazi, viongozi wa dini, wanafunzi na watu wa mitaani. Aliyejiunga alitia sahihi kadi ya ahadi, na ahadi yenyewe ilikuwa ya kwamba angalau mara tano kwa mwaka atahudhuria mapambano ya mtu mwingine, kama anavyohudhuria yake. Mimi nimeipenda sana kadi hiyo kwa sababu imeweka hesabu. Kusema "tuko pamoja nanyi" ni rahisi, wala hakumgharimu mtu chochote. Mara tano ni tarehe tano ambazo mtu ameacha shughuli zake, akatoka nyumbani, akaenda kusimama juani au kwenye baridi kwa ajili ya haki isiyo yake.

Miaka ikapita, NYNEX ikaungana na wenzake, na mwaka 2000 ikazaliwa kampuni ya Verizon. Mkataba wa wafanyakazi wake wa simu za nyaya ulikwisha Agosti 2015. Wakaendelea kufanya kazi bila mkataba mpya kwa miezi minane, huku mazungumzo yakikwama. Kampuni ilitaka uhuru zaidi wa kufunga vituo vya kupokea simu za wateja, wa kupeleka kazi kwa makandarasi na nchi za ng'ambo, na wa kumhamisha fundi mbali na nyumbani kwake kwa muda wa hadi miezi miwili. Mama mwenye watoto wadogo angefanyaje? Tarehe 13 Aprili 2016, wafanyakazi wapatao 39,000, kuanzia Massachusetts hadi Virginia, waliacha kazi. Kampuni haikuwa taabani. Mkuu wake alikuwa amepata zaidi ya dola milioni 18 katika mwaka mmoja wa 2015.

Mwisho wa Aprili kampuni ikaisimamisha bima ya afya ya wagomaji. Mfuko wa chama uliwapa dola 200 kwa wiki kuanzia wiki ya tatu, fedha ambazo katika jiji kama New York hazifiki mbali. Ni wakati kama huo ambapo mgomo hufa au huishi. Mwenye kuupa uhai si kiongozi aliye mezani, bali ni watu wa mtaani.

Hebu tutazame walichofanya. Maduka ya simu za mkononi ya kampuni hiyo yalikuwa mamia kwa mamia nchini kote, mengi yakiwa katika miji ambayo haikuwa na mgomaji hata mmoja. Wafanyakazi wa vyama vingine, wanafunzi na wastaafu wakajichagulia maduka ya kwao, wakasimama milangoni na mabango na kuwaeleza wanunuzi habari za mgomo. Kampuni iliwaleta New York watu wa kufanya kazi za wagomaji, ikawalaza hotelini. Wagomaji wakaenda kusimama mbele ya hoteli hizo, na katika baadhi yake watumishi, ambao nao wana chama chao, wakakataa kuuvuka mstari. Watandika vitanda na wapishi hawakuwa na deni lolote na fundi wa simu, lakini walijua kwamba siku yao nayo ingefika.

Wengine walikuwa na sababu zao wenyewe. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilikuwa imekubaliana na jiji la New York kwamba ifikapo mwaka 2014 kila nyumba itaweza kupata huduma yake ya faiba. Mwaka 2015 ukaguzi wa serikali ya jiji ukaonyesha kwamba ahadi haikutimizwa. Basi mwananchi aliyekuwa akingojea faiba na fundi aliyekuwa tayari kuivuta walijikuta upande mmoja. Maana kazi ya fundi ikipunguzwa, waya wa mteja nao hungojea.

Jambo jingine lililonigusa ni safari ya Ufilipino. Mwezi wa Mei 2016, mgomo ukiwa bado unaendelea, wajumbe wa CWA walikwenda huko kuonana na vijana wanaopokea simu za wateja wa Marekani. Chama kilisema kwamba baadhi yao walikuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Wajumbe hawakwenda kuwatukana eti wamewaibia kazi. Walikwenda kukaa nao na kusikiliza hali zao. Hilo lina funzo kwetu, kwani humu nchini pia wamo vijana wanaokesha usiku wakipokea simu za watu wa nchi za mbali. Mwajiri ayahamishapo makazi ya kazi kwa kutafuta mshahara mdogo, aliyenyang'anywa na aliyepewa wote ni wanyonge, na wakigombana wao kwa wao, anayefaidi ni wa tatu.

Baada ya siku 45 za mgomo, waziri wa kazi wa Marekani akiwa msuluhishi, makubaliano yalitangazwa, na tarehe 1 Juni 2016 watu wakarudi kazini. Walipata nyongeza ya mshahara ya zaidi ya asilimia 10 katika miaka minne, na ahadi ya nafasi mpya 1,300 za kupokea simu. Wafanyakazi wachache wa maduka ya simu za mkononi ya Brooklyn na Everett, Massachusetts, nao walipata mkataba wao wa kwanza. Hawakupata yote. Katika mambo ya bima ya afya ilibidi wakubali kupunguza gharama za kampuni. Lakini walirudi na vichwa vyao juu.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Wamarekani na sisi tuna yetu. La hasha! Mji huu uliyajua hayo kabla ya NYNEX kuzaliwa. Tarehe 13 Januari 1947, watu wapatao 15,000 waliacha kazi hapa Mombasa. Hawakuwa makuli wa bandarini peke yao. Walikuwamo wa reli, wa hoteli, na hata watumishi wa majumbani, na kwa muda wa siku 12 shughuli za mji zilisimama. Maisha yalikuwa yamepanda baada ya vita vikuu na mishahara imebaki chini. Kutokana na mgomo huo kikasimama chama cha African Workers' Federation, ambacho kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Serikali ya kikoloni ililazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara, na nyongeza zikatolewa. Lililoitisha serikali ile si hasira ya kundi moja. Ni kuona kwamba mpishi na kuli wamekuwa kitu kimoja.

Na mila zetu zatufunza hayo hayo. Mtaani kwetu mtu akifiwa, haulizwi kabila wala kazi yake: jamvi hutandikwa, mchango hupitishwa, na sufuria hutoka nyumba ya jirani. Arusi ni hivyo hivyo. Chuoni tulifundishwa kwamba kibarua alipwe ujira wake jasho lake lisijakauka, na kwamba ahadi ni deni. Mkataba wa kazi ni nini ila ni ahadi iliyoandikwa? Basi mbona tunajua kukusanyika kwa msiba wa kifo, lakini msiba wa kunyimwa haki twamwachia mwenyewe auzike peke yake?

Najua liko jibu, tena lina uzito. Watu husema kwamba mgomo huwaumiza wanyonge kuliko matajiri: mchuuzi hapati wateja, mgonjwa hapati daktari, mzazi hapati habari za mwanawe. Ni kweli, wala sitaki kulificha. Lakini tufikiri. Mwajiri asiyetaka kusikiliza hutegemea jambo moja, kwamba ghadhabu za mji zitamwangukia mfanyakazi, naye atachoka. Maadamu matumaini hayo yapo, hana haraka ya kurudi mezani. Mji ukisimama na wafanyakazi, siku za mgomo hupungua. Anayemlaani mgomaji kwa kuchelewa kwa huduma huenda anairefusha taabu yake mwenyewe bila kujua.

Hata hivyo, kusimama pamoja si kufumba macho. Anayekata waya unaotumiwa na hospitali, au anayempiga mwenziwe kwa sababu ameingia kazini, huyo ameiharibu haki yake na yetu. Na madai nayo yapimwe. Jirani mwema huuliza kwanza, akasikiliza pande zote mbili, ndipo akasimama.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, imempa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na ikakipa chama haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Lakini haki iliyoandikwa huhitaji watu wa kuibeba. Siku mafundi wa simu, au wafanyakazi wengine wowote wa mji huu, watakapodai mkataba wa haki, yako mambo ambayo kila mtu ataweza. Mwenye duka anaweza kuliacha daftari la deni lingoje mwezi mmoja. Mwenye nyumba anaweza kumsubiri mpangaji wake. Kijana asiye na kazi anaweza kukataa kukichukua kiti cha mwenziwe, ingawa hilo ndilo gumu kuliko yote, nasi tusimhukumu bila ya kumsaidia. Wazee na viongozi wa misikiti wanaweza kumwendea mwajiri na kumsihi arudi mezani. Na sisi wengine tunaweza kwenda, tukasimama nao hata saa moja.

Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Nasi tuna kawaida ya kuifahamu methali hiyo kuwa onyo la kujihadhari. Mimi naona haitoshi kutia maji na kungoja zamu yetu. Yatupasa tuinuke tukaushike mkono wa mwenye wembe, tumwulize anamnyoa mwenzetu kwa ruhusa ya nani.