Marekani: Majaji wa rufaa wanaochaguliwa kwa chama, na kesi ya mwenzao iliyoletwa mbele yao

Kura 734. Hiyo ndiyo tofauti iliyowatenganisha Allison Riggs na Jefferson Griffin katika uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2024, walipogombea kiti kimoja cha Korti ya Juu ya jimbo la North Carolina, Marekani. Kura zilizopigwa zilizidi milioni tano na nusu. Zilipohesabiwa tena, Riggs wa chama cha Democratic alibaki mbele. Griffin wa chama cha Republican hakukubali. Aliomba kura zaidi ya 65,000 zifutwe, akidai kwamba waliozipiga hawakuandikishwa vizuri au hawakuonyesha kitambulisho. Kesi ikapanda hadi kwenye Korti ya Rufaa ya jimbo.

Griffin mwenyewe ni jaji wa korti hiyo hiyo ya rufaa.

Ni kweli kwamba alijiondoa kwenye kesi, kama sheria inavyotaka. Lakini walioketi kuiamua walikuwa wenzake wa kazi, watu anaokutana nao kwenye korido kila siku. Tarehe 4 mwezi wa nne mwaka wa 2025, majaji watatu walitoa uamuzi: wawili wa Republican walimpa Griffin haki, mmoja wa Democratic alipinga. Wapiga kura wengi walipewa siku 15 za kazi kurekebisha makaratasi yao, la sivyo kura zao zingetupwa, miezi mitano baada ya kuzipiga. Kati ya waliotiliwa shaka walikuwamo wazazi wa Riggs.

Kwa msomaji wa Kongo, jambo la kwanza linalogonga kichwa ni hili: jaji wa rufaa anapataje chama? Kwetu, kufuatana na kifungu cha 82 cha katiba, Rais wa Jamhuri ndiye anayewateua mahakimu, kwa mapendekezo ya Baraza Kuu la Mahakimu, CSM. Mwananchi hapigi kura yoyote. Malalamiko yetu ni kwamba wanasiasa wanapiga simu kwa majaji. Huko North Carolina hakuna haja ya simu. Chama kimeandikwa kwenye karatasi ya kura, pembeni ya jina la jaji, na kila mtu anakiona.

Kabla ya kuingia ndani zaidi, tuweke wazi korti hii ya katikati inafanya nini. Iko juu ya korti zinazosikiliza mashahidi na chini ya Korti ya Juu. Haisikilizi mashahidi. Majaji, mara nyingi watatu watatu, wanasoma faili na kuangalia kama hakimu wa chini alikosea sheria. Majimbo mengi makubwa ya Marekani yana korti ya namna hiyo, na kwa watu wengi ndiko kesi inakoishia. Korti ya Juu huchagua kesi chache inazotaka. Zilizobaki zinarudi nyumbani na uamuzi wa rufaa. Mama anayegombania mtoto, mfanyakazi aliyevunjika mkono kiwandani, mfungwa anayesema hakutendewa haki: kwa hao, majaji watatu wa katikati ndio mwisho wa safari.

North Carolina imeufanya mwisho huo kuwa mgumu zaidi. Zamani, jaji mmoja kati ya watatu akipinga wenzake, aliyeshindwa alikuwa na haki ya kwenda Korti ya Juu moja kwa moja. Bunge la jimbo liliondoa njia hiyo mwaka wa 2023, ndani ya sheria ya bajeti. Siku hizi, hata kama jaji mmoja ameandika kurasa nyingi kueleza kwamba wenzake wamekosea, mwenye kesi anapaswa kuomba, na anaweza kukataliwa.

Korti yenye nguvu kiasi hicho, majaji wake wanajulikana? Karibu hapana. Wagombea wa Korti ya Juu wanapata matangazo ya televisheni na pesa nyingi sana. Mwaka wa 2025, kiti kimoja cha Korti ya Juu ya Wisconsin kilimeza karibu dola milioni 100, na tajiri Elon Musk akiwa mmoja wa watoaji wakubwa. Wagombea wa rufaa wanakaa chini kabisa kwenye karatasi, baada ya rais, gavana, wabunge na wengine. Familia za Wakongo waliopokelewa Greensboro, Raleigh au Charlotte, na ambao tayari wamepata uraia, wanakutana na orodha hiyo ndefu kama Wamarekani wengine: majina ambayo hawajawahi kuyasikia, na nafasi ya kutia alama.

Mtu asiyejua jina anashika nini? Anashika chama. Mwaka wa 2016 North Carolina ilitoa mfano ambao hata mwalimu wa sayansi ya siasa asingeweza kuupanga vizuri zaidi. Siku ile ile, kwenye karatasi ile ile, wagombea wa Korti ya Rufaa waliandikiwa chama, lakini wale wa Korti ya Juu hawakuandikiwa. Donald Trump alishinda jimbo. Viti vitano vya rufaa vilikuwa vikigombewa, na vyote vitano vilikwenda kwa Republican. Kwenye Korti ya Juu, ambako chama hakikuonekana, Mike Morgan wa Democratic alimshinda jaji wa Republican aliyekuwa kitini, tena kwa asilimia zaidi ya 54.

Wapo waliosema kwamba Morgan aliungwa mkono na Rais Obama, na hilo ni kweli. Wengine walitaja mpangilio wa majina. Kwenye rufaa, sheria ilitanguliza wagombea wa chama cha gavana, ambaye wakati ule alikuwa wa Republican. Kwa Korti ya Juu jina la Morgan ndilo lililokuwa juu. Inawezekana wapo waliodhani kwamba wa kwanza ni yule yule wa chama chao. Ukichukua maelezo yoyote kati ya hayo, hakuna hata moja linalohusu kazi ya jaji: alivyoamua kesi, anavyosoma sheria, kama ni mvivu au mchapakazi. Wiki chache baadaye, bunge lililoongozwa na Republican liliitisha kikao maalum na kupitisha sheria ya kurudisha chama pembeni ya majina ya Korti ya Juu pia. Walikuwa wamesoma matokeo vizuri.

Na si kwamba jimbo hilo halikujua njia nyingine. Sheria ya 2002 ilikuwa imeondoa vyama kwenye uchaguzi wa majaji wa rufaa na kuwapa wagombea pesa za umma ili wasiende kuomba kwa mawakili na makampuni. Pesa hizo za umma zilifutwa mwaka wa 2013. Vyama vikafuata kurudi.

Ohio ilikwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya 2021 iliamuru chama kiandikwe kwa wagombea wa Korti ya Juu na wa korti za rufaa, lakini si kwa mahakimu wa chini. Georgia, Washington na Wisconsin bado wanapiga kura bila kuandika chama. Huko Missouri, tangu 1940, gavana anateua kutoka kwenye majina yaliyochujwa na tume, halafu baada ya muda mwananchi anaulizwa swali moja tu: jaji huyu abaki, ndiyo au hapana? Karibu wote wanabaki, na ndiyo maana wanaopenda uchaguzi wanaiona njia hiyo kuwa mchezo wa kuigiza.

Chama si silaha pekee. Kuna ramani. Texas imegawa korti zake za rufaa kwa maeneo, na wakaaji wa eneo ndio wanaochagua majaji wao kwa vyama. Mwaka wa 2018, upepo wa kisiasa ulipogeuka Dallas, Democratic walichukua viti vyote vinane vilivyogombewa kwenye korti ya rufaa ya huko. Majaji wenye uzoefu wa miaka walitoka kwa usiku mmoja, bila mtu kuwalaumu kwa hukumu yoyote. Kesi nyingi dhidi ya serikali ya jimbo zilikuwa zikienda kwenye korti ya Austin, mji unaopenda Democratic. Bunge la Texas, chini ya Republican, likaunda korti mpya ya rufaa, ya kumi na tano, iliyofungua milango tarehe 1 mwezi wa tisa 2024 na kupewa kesi hizo za serikali pamoja na rufaa za korti mpya ya biashara. Majaji wake wanachaguliwa na jimbo zima. Tangu 1994, hakuna mgombea wa Democratic aliyeshinda uchaguzi wa jimbo zima la Texas. Waliounda korti hiyo walisema wanataka majaji waliobobea kwenye kesi za namna hiyo na sheria inayofanana jimbo lote. Inawezekana. Lakini anayechora mipaka ya wapiga kura anajua tayari jaji wa chama gani atatoka.

Wanaotetea uchaguzi wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Mississippi ilipoanza kuwachagua majaji wake wote mwaka wa 1832, na New York ilipofuata mwaka wa 1846, watu walikuwa wamechoka na magavana na wabunge waliowapa marafiki zao viti vya korti. Kura ilikuwa dawa ya upendeleo. Sisi tunaoishi na majaji wa kuteuliwa tunaujua ugonjwa huo, hatuhitaji kusimuliwa. Tena jaji wa kuchaguliwa hawezi kufukuzwa na gavana aliyekasirika. Shida ni kwamba dawa ile ilitengenezwa kwa mji mdogo ambako mtu alimjua hakimu wake, akamwona sokoni na kanisani. Korti ya Rufaa ya North Carolina ina majaji 15, wote wanachaguliwa na jimbo zima kwa muhula wa miaka minane. Mpiga kura wa milimani hawezi kumjua jaji anayetoka pwani, na hana njia ya kupima kazi yake.

Kesi ya Griffin ilimalizika mbali na korti hiyo. Korti ya Juu ya jimbo, nayo yenye Warepublican wengi, ilirekebisha sehemu kubwa ya uamuzi wa rufaa na kusema kura za watu wapatao 60,000 zihesabiwe, lakini ikaacha hatarini za askari na raia walio nje ya nchi. Tarehe 5 mwezi wa tano 2025, Richard Myers, jaji wa shirikisho, aliamua kwamba kubadilisha masharti baada ya uchaguzi kunavunja katiba ya Marekani, akaamuru Riggs atangazwe mshindi. Myers hakuchaguliwa na mtu yeyote. Aliteuliwa na Trump, kwa maisha yake yote. Siku mbili baadaye Griffin alikubali kushindwa. Kushindwa huko hakukumpotezea kiti chake kwenye Korti ya Rufaa: alikipata kwa kura za 2020, na muhula wake unakwenda hadi mwisho wa 2028.